Ofa ya kiangazi wakati wa kusi: uzoefu wangu na GOG

Kila mwaka, Juni hivi, kusi ikiwa imeshika, mto Sabaki umeshachafua bahari na nusu ya hoteli za Malindi zimefunga milango, maduka ya gemu ya Ulaya na Marekani hutangaza ofa ya kiangazi. Kiangazi chao. Sisi huku wauza vinyago wanapiga miayo ufukweni na watoto wanavaa sweta asubuhi. Ofa ya majira ya baridi nayo huja Disemba, kaskazi ikivuma, mtu anatoka jasho hata chini ya feni. Nimeshazoea. Mwaka huu nilinunua gemu tatu kwenye ofa ya kusi, na kwa kuwa watu kadhaa wameniuliza kama duka lenyewe ni la kweli na kama malipo yanapita kutoka Kenya, naeleza yote hapa.

Duka ni GOG. Lilianzishwa 2008 na CD Projekt, kampuni ya Poland, wakati huo likiitwa Good Old Games. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuuza gemu za zamani baada ya kuzirekebisha zifanye kazi kwenye kompyuta za sasa, na kuziuza bila kufuli. Unapakua faili ya kusakinisha, unaiweka kwenye diski yako, basi. Intaneti ikikatika, duka likifungwa, ukibadilisha kompyuta, gemu inawaka vilevile. Siku hizi wanauza na mpya, lakini mimi mpya sikuzifuata.

Waanzilishi wa duka hili wana historia inayonichekesha kidogo. Marcin Iwiński na Michał Kiciński, walioanzisha CD Projekt 1994, walianzia ujanani kwenye soko la kompyuta la Warsaw, ambako gemu za kunakili ziliuzwa hadharani mezani. Walipoanza kuuza sidii halali, mpinzani wao alikuwa meza zilezile. Mwaka 1999 walitoa Baldur's Gate kwa Kipoland, wakaweka ndani ya sanduku ramani, kitabu na sidii ya muziki, ili mnunuzi aone kuna kitu anachokipata ambacho mnakilishaji hawezi kumpa. Ikauzwa sana.

Sisi Malindi meza zile tunazijua. Kompyuta ya kwanza niliyoigusa ilikuwa ya ami yangu, mtaa wa Barani, Pentium aliyoachiwa na Mtaliano mmoja aliyefunga nyumba yake ya wageni akarudi kwao. Windows 98, na kila kitu kwa Kitaliano. Hilo halikutusumbua, mji huu kuna watoto wanaohesabu kwa Kitaliano kabla ya kupelekwa shule. Gemu zilikuja kwa sidii tupu, jina limeandikwa kwa maka, halina hata herufi kubwa. Chumvi ya bahari ilizila polepole, na baada ya muda sidii ilianza kukwama palepale, misheni ileile, tukiitoa na kuipangusa kwa shati. Kiti kilikuwa kimoja na watoto tulikuwa wengi. Commandos tuliicheza wawili wawili, mmoja ameshika mausi, mwingine kibodi, na waliosimama nyuma wote walikuwa majenerali.

Hizo ndizo gemu nilizokwenda kuzitafuta. Kabla sijazisimulia, tuzungumzie saa.

Ukifungua ukurasa wa ofa unakuta tarakimu zinarudi nyuma: siku kadhaa, saa kadhaa, dakika. Moyo unaanza kwenda mbio. Muuza samaki akishusha bei magharibi ikikaribia namwelewa, kesho samaki ataoza. Faili la mwaka 1998 haliozi, wala halipungui hata akinunua nani. Haraka ile imetengenezwa ofisini. Steam, lile duka kubwa la Valve lililofunguliwa 2003, lilikuwa likiweka ofa za saa chache ndani ya ofa kubwa, watu wakitega kengele waamke usiku. Mtindo huo uliachwa 2015, lakini saa ya jumla bado iko kila duka.

Kwa gemu kongwe, ipuuzeni. Iliyoko kwenye ofa ya kusi itakuwako kwenye ofa ya kaskazi, na katikati kutakuwa na wikendi ya hiki na wiki ya kile. Kuna tovuti iitwayo IsThereAnyDeal inayoweka historia ya bei za maduka mengi pamoja. Andika jina la gemu, utaona bei ya chini kabisa iliyowahi kufikiwa na imeshuka hapo lini. Nilipoitazama Commandos, nilicheka. Ile asilimia iliyoandikwa kwa wino mwekundu kana kwamba ni muujiza imekuwa ikirudi na kuondoka kama mtu wa kawaida tu.

Anayenaswa na saa hii ni mtu wa rika langu. Kijana hajui hata gemu zile ni nini, anapita. Mimi naona picha ya jalada, nakumbuka chumba cha ami na harufu ya kompyuta iliyopata moto, kidole kimeshafika kwenye kitufe cha kulipa. Jamaa yangu mmoja wa Maweni amejaza gemu chungu nzima kwenye akaunti yake, zote za utotoni, na jioni ukimkuta anacheza mpira tu. Kanuni yangu kwa hiyo ni ngumu kidogo: sinunui gemu nisiyokusudia kuiwasha usiku huohuo.

Malipo. Bei ni kwa dola, shilingi hakuna. Dola ikiwa karibu shilingi 129, gemu isiyofika dola 2 inakuja kama 250. Kadi ya benki yangu ilikataliwa, na nilipopiga simu niliambiwa niende tawini nikajaze fomu ili ifunguliwe kwa ununuzi wa mtandaoni. Kwa shilingi 250! Sikwenda. Iliyopita ni GlobalPay, kadi ya Visa isiyo ya plastiki iliyo ndani ya M-Pesa, ambayo Safaricom na Visa waliizindua 2022. Ilipita mara moja. Angalia tu kiwango cha dola wanachokupigia kabla hujathibitisha.

Kuhusu kurudishiwa pesa, GOG wanakupa siku 30 hata kama umeshapakua na kucheza. Steam ni siku 14, tena uwe hujacheza zaidi ya saa 2. Sijawahi kuomba kurudishiwa, ila ni vizuri kujua mlango uko upande gani.

Mpwa wangu, ambaye gemu zake zote ziko kwenye simu, aliniona nikinakili faili kwenye flashi akashangaa.

"Khalu, hiyo si lazima uingie akaunti?"

"La."

"Na bando ikiisha?"

"Yaendelea."

"Kwa hivyo ni yako yako?"

Swali lake si la kitoto. Kisheria, karibu kila gemu ya mtandaoni unayolipia unapewa leseni, hupewi kitu. California ina sheria iliyoanza kutumika Januari 2025 inayolazimisha maduka kumwambia mteja hivyo waziwazi, badala ya kuandika "nunua" na kunyamaza. Sheria hiyo inaliacha nje duka linalokuwezesha kupakua faili ukabaki nayo na kuitumia bila mtandao, na GOG inaingia humo. Ndiyo maana nasema pakua faili ya kusakinisha siku hiyohiyo. Programu yao iitwayo Galaxy ni nzuri kupanga maktaba, lakini si lazima. Unaweza kupakua yote kwa kivinjari.

Na ukubwa wake hautakumaliza. Doom ya Desemba 1993, ambayo wanayo, faili lake kuu la asili halifiki megabaiti 15. Linganisha na Baldur's Gate 3 ya 2023, inayotaka gigabaiti 150 za nafasi. Kwa bando la Malindi mimi najua nitachagua ipi.

Sasa gemu zenyewe.

Commandos: Behind Enemy Lines, 1998, kazi ya Pyro Studios wa Madrid. Ofa ilikuwa na ile ya kwanza pamoja na nyongeza yake. Misheni 20, ya kwanza Norwei, na usitegemee kupumzika hata hapo. Unamtazama askari wa adui kwa kitufe cha jicho, pembe ya kijani inazunguka taratibu kuonyesha anaona wapi, na wewe unapenya nyuma yake kwa kuhesabu hatua. Nilitarajia kuiona imezeeka. Haikuzeeka. Picha zake zilichorwa kwa kutazamwa kutoka juu upande mmoja, kila jiwe na kila boti mahali pake, na mchoro mzuri hauchakai kompyuta zikibadilika. Ugumu wake nao uko palepale. Nilipoicheza peke yangu ndipo nilipogundua kuwa mikono miwili ya mtu mmoja haitoshi vizuri: kuna njia za mkato za kibodi ambazo sikuwahi kuzijua, kwa sababu utotoni mimi nilikuwa wa mausi.

Theme Hospital, 1997, ya Bullfrog wa Uingereza. Unajenga hospitali, unaajiri madaktari wavivu, unatibu magonjwa ya kubuni. Kuna wagonjwa waliovimba kichwa; tiba ni kukitoboa kisha kukijaza upepo kwa mashine mpaka kifike kipimo. Chanzo cha ugonjwa, kwa maelezo ya gemu, ni kunusa jibini na kunywa maji ya mvua yasiyosafishwa. Bibi yangu, aliyekinga maji ya mvua kwenye mapipa maisha yake yote, angekuwa na maneno na madaktari hao. GOG wanaiendesha kwa DOSBox, programu ya bure inayoigiza kompyuta ya enzi za DOS, mfumo uliotangulia Windows, ndani ya kompyuta ya leo. Bila hiyo, gemu nyingi za wakati ule zingekwenda mbio kupita kiasi au zisingewaka kabisa. Picha ni ndogo kwa skrini za sasa. Wanaotaka kubwa kuna CorsixTH, iliyoandikwa upya na watu wa kujitolea. Inatumia mafaili ya gemu uliyonunua na inajaza skrini nzima. Kati ya zote tatu, hii ndiyo bora kwa mtu aliyechoka na kazi.

Project I.G.I., Desemba 2000, Innerloop wa Norwei, gemu ya kupenya kambi za adui kwa bunduki. Hapa ndipo hisia zangu zilipogawanyika. Sura za watu zina pembe, milima ni karatasi, na adui akipiga kelele unasikia sauti ileile kila kambi. Picha za aina hii, zile za mwanzo za umbo kamili (3D), zimechakaa kuliko michoro iliyozitangulia. Misheni ni 14 na huwezi kuhifadhi katikati. Ukifa mlangoni pa mwisho, unaanza tangu uzio wa kwanza.

Zamani hilo lilikuwa balaa kamili. Stima ilikuwa ikipotea bila taarifa, na ikipotea ukiwa dakika ya arobaini ya misheni, chumba kizima kilitoa sauti moja. Kuna misheni sikuwahi kuimaliza, na naapa haikuwa kwa kukosa shabaha. Leo laptopu ina betri. Stima imepotea wiki iliyopita nikiwa juu ya mnara, feni ikasimama, waifai ikazimika, mimi nikaendelea kushuka ngazi. Betri peke yake imeifanya gemu hii kuwa rahisi nusu, na wala hakuna msomi wa gemu wa Ulaya atakayekuandikia hilo. Nimefika mbali kuliko tulivyowahi kufika Barani. Hata hivyo, kama hukuicheza utotoni, iache. Bei ndogo haitoshi kuwa sababu.

Lisilokuwapo dukani ndilo lililonikera zaidi. Prince of Persia ya 1989, ya Jordan Mechner, yenye dakika 60 za kumwokoa binti mfalme, sikuikuta. Midtown Madness ya 1999 pia sikuikuta, na hiyo ndiyo iliyonifundisha kuendesha gari vibaya. Mitaa ya Chicago niliijua kabla sijafika Nairobi. Gemu za magari husumbua zaidi kurudishwa kwa sababu ndani yake kuna majina ya magari halisi na mikataba ya watu wengi, na mkataba ukiisha lazima mtu akae chini aandike mwingine. Mara nyingi hakuna anayeona faida. Mwaka 2024 GOG walianza mpango wa kuhifadhi gemu, wakianza na 100, wakiahidi kuendelea kuzirekebisha mifumo ya kompyuta inapobadilika. Ni jambo jema, ila mpango huo unahifadhi kile wenye haki walichokubali kukiuza.

Kuna sehemu ndani ya tovuti ambapo wateja hupigia kura gemu wanazotaka zirudi. Nimeshapigia Midtown Madness. Walioko Malindi wenye akaunti, pigeni na nyinyi, haitozwi kitu.