Kadi yangu ya kwanza ya mkopo Marekani, na riba ambayo sijawahi kulipa

"Ukitaka alama zako za mikopo zipande, usilipe deni lote la kadi. Acha kidogo libaki, benki ipate riba yake." Ushauri huu nimepewa kanisani, nimepewa kiwandani wakati wa mapumziko, na kila aliyenipa alikuwa ananitakia mema. Si kweli, na unawagharimu watu wetu mwezi baada ya mwezi. Kadi ninayoieleza hapa, Discover it Secured, imenijengea jina zuri bila mimi kulipa hata senti moja ya riba.

Nilifika Kentucky nikitokea kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Huwa tunaambiana kwamba tunaingia Marekani bila historia yoyote ya mikopo, lakini sisi tuliokuja kwa mpango wa wakimbizi tunayo moja tangu mwanzo: lile deni la tiketi za ndege la IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Halina riba, malipo yake huanza miezi michache baada ya kufika, na mashirika yanayolikusanya huripoti kwa kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo. Basi zile barua zisilale juu ya friji. Ukilipa kwa wakati unaandikiwa jema, ukikaa kimya unaandikiwa baya.

Deni hilo lakini lina mwisho, na mwenye nyumba au muuza magari anataka kuona zaidi. Kadi ya kawaida ya benki haisaidii, maana unatumia pesa yako mwenyewe na hakuna mkopo wa kuripoti. Kadi za kujaza pesa dukani ni vilevile.

Kabla ya kuchagua nililetewa barua nyingi za "umekubaliwa". Moja, ambayo kampuni yake siitaji, ilinipa kikomo cha kukopa cha dola 300 na ada ya mwaka ya dola 75, ikatwe kwenye kikomo hichohicho. Sheria ya mwaka 2009 inaruhusu ada za mwaka wa kwanza zifike asilimia 25 ya kikomo, na wao walifika hapohapo. Ningeanza na deni kabla ya kununua hata mkate. Nikaamua kutafuta kadi yenye dhamana, yaani pesa unayoweka kwanza ndipo upewe kadi, isiyo na ada ya mwaka, na inayoripoti kwa kampuni zote tatu: Equifax, Experian na TransUnion. Discover it Secured ilitimiza yote. Dhamana yake huanzia dola 200, na kikomo chako hulingana nayo. Unarudishiwa asilimia 1 ya manunuzi, asilimia 2 kwenye vituo vya mafuta na mikahawa hadi kiasi fulani kila robo mwaka, na mwaka wa kwanza ukiisha kile ulichorudishiwa kinaongezwa maradufu. Asiye na dola 200 mkononi aiangalie Capital One Platinum Secured, ambayo baadhi ya waombaji hupewa kikomo cha dola 200 kwa dhamana ya dola 49 au 99.

Dhamana ndiyo inayowachanganya wengi. Zile dola 200 hazilipi bili yako. Zinakaa zimefungwa hadi kadi ipandishwe daraja iwe ya mkopo isiyo na dhamana, au uifunge bila deni, ndipo zinarudi. Ukinunua mafuta ya dola 40, unadaiwa dola 40 kutoka mfukoni, dhamana ipo au haipo.

Sasa matumizi yenyewe. Kila mwezi una tarehe mbili. Ya kwanza ni siku ya kufunga stetimenti, yaani hesabu ya kadi ya mwezi huo. Ya pili ni siku ya mwisho ya kulipa, na kisheria stetimenti lazima itumwe siku 21 au zaidi kabla yake. Karibu kila mtu anaijua ya pili. Ya kwanza ndiyo inayoamua kampuni zile tatu zitaona nini, kwa sababu kwa kawaida salio la siku hiyo ndilo linaloripotiwa. Kwa kikomo cha dola 200, manunuzi ya chakula ya dola 150 yanasomeka kama umetumia asilimia 75 ya kadi, hata kama utalipa zote wiki ijayo. Wanaozifuatilia alama hushauri usivuke asilimia 30, na chini ya 10 ni bora zaidi. Mimi naitumia kwa mafuta ya gari na bili ya simu tu, na mshahara ukiingia nafungua programu ya kadi kwenye simu na kupunguza salio kabla stetimenti haijafungwa.

Humo kwenye programu, mahali pa kuweka malipo yajilipe yenyewe, kuna viduara vya kuchagua: kiwango cha chini, salio lote la stetimenti, au kiasi unachotaja mwenyewe. Gusa salio lote. Anayegusa kiwango cha chini analipa kwa wakati, ndiyo, ila riba inaanza kuhesabiwa, na kwenye kadi za wanaoanza mara nyingi inazidi asilimia 25 kwa mwaka. Isome stetimenti yako: sheria inawalazimisha waandike deni litachukua muda gani kuisha ukilipa kiwango cha chini tu. Msomee na aliyekushauri uache salio. Ripoti ya mikopo huonyesha kikomo, salio na kama ulilipa kwa wakati. Riba uliyolipa haimo kabisa. Katika hesabu ya FICO, kampuni inayotengeneza alama zinazotumiwa sana, kulipa kwa wakati kuna uzito wa asilimia 35, kiasi unachodaiwa asilimia 30, umri wa akaunti asilimia 15. Riba inakupa nini hapo?

Mipaka ya kadi hii ipo. Kikomo ni kidogo, na hii si Visa, ilhali madukani mwa Costco kadi za mkopo wanazopokea ni Visa tu. Isitumike kutoa pesa taslimu, kwani kuna ada na riba huanza siku hiyohiyo. Na kutuma pesa nyumbani kwa kadi ya mkopo mara nyingi huhesabiwa kama kutoa taslimu. Halafu kuna ndugu atakayeomba umwazime kadi anunue matairi. Kusaidiana ndiko kulikotuvusha kambini, na sitaki tukuache. Msaidie kwa pesa unayoweza kuitoa. Kadi ina jina lako, na malipo yaliyochelewa siku 30 hukaa kwenye ripoti miaka 7.

FICO haitoi alama mpaka uwe na akaunti iliyotimiza miezi sita, kwa hiyo mwanzoni huenda usione kitu, vumilia. Zangu zilipotokea zilikuwa juu kidogo ya 700. Baadaye akaunti ilikaguliwa, ikapandishwa daraja, na dhamana yangu ikarudi.

Kwa familia zetu naongeza jambo moja. Wengi tuliandikiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari, majina ya baba na mwana yanafanana, na tunaishi anwani moja. Mafaili huweza kuchanganywa. Ingia AnnualCreditReport.com, ripoti ni bure kila wiki kutoka kampuni zote tatu, uangalie kila akaunti kama ni yako kweli. Ukikuta isiyo yako, ipinge kwa maandishi. Kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza.