Satima au Kinangop: vilele viwili vya Aberdare

Kati ya vilele vikuu vya Milima ya Aberdare nchini Kenya, Satima, chenye mita 4,001 upande wa kaskazini, ndicho kinachowavutia wapandaji wengi zaidi, ilhali Kinangop, chenye mita 3,906 upande wa kusini, hakifikiwi na wengi. Kwenye njia ya Satima inayoanzia kwenye lango la hifadhi liitwalo Wanderis, miamba mirefu iitwayo Meno ya Joka humsaidia msafiri kujua alipo. Kinangop ni kazi nyingine kabisa: ni mwendo mrefu juu ya mafungu ya nyasi ngumu yaliyotenganishwa na majimaji, ambapo kila hatua hupimwa kabla ya kukanyagwa, na hatimaye kuna mwamba unaomlazimu mtu kutumia mikono. Kwa kuwa nyati na tembo huzurura kote kuwili, askari wa wanyamapori ni msindikizaji asiyepaswa kukosekana. Anayeanza ningemwelekeza Satima bila kusita. Lakini anayetafuta upweke wa kweli, mwenye viatu visivyopitisha maji na aliyeondoka alfajiri, naamini ataridhika zaidi Kinangop, mradi akubali kurudi mapema ukungu ukitanda.