Unanunua pawa ampu? Uliza geini kabla ya wati

Wana Tanga wenzangu, ukishuka Ngamiani kutafuta pawa ampu ya mtumba, yaani amplifaya ya kusukuma spika, usianze na wati, uliza geini, yaani inazidisha volti zinazoingia mara ngapi (hupimwa kwa desibeli, dB). CD pleya nyingi zinatoa kama volti 2, na pawa ampu ya wati 100 yenye geini ya desibeli 26 inafika nguvu yake yote kwa volti 1.4 tu, sasa katikati ukipachika priampu, ile mashine ya volyumu inayokaa kabla ya pawa, ya desibeli 20, yaani inazidisha mara 10, hapo unanunua kelele. Nobu ukiigusa kidogo nyumba inatetemeka, na kule chini kabisa spika moja inazidi nyingine.

Namba moja kwangu ni amplifaya yenye kila kitu kwenye boksi moja. Kiwandani wameshalinganisha, unachomeka unasikiliza.

Namba mbili ni DAC, kiboksi cha kugeuza muziki wa dijitali uende kwenye amplifaya, yenye volyumu yake moja kwa moja kwenye pawa ampu ya desibeli 26 mpaka 29. Safi sana, ila hakikisha volyumu iko chini kabla hujawasha, tafadhali, twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, zinaungua kweli.

Namba tatu zile pawa za shughuli, za harusini. Nguvu zipo na bei yake inavumilika, lakini angalia swichi ya nyuma, nyingi zina 0.775V, 1.4V na 26dB. Watu wanaiacha kwenye 0.775V, yenye geini kubwa kuliko zote, halafu wanalalamika inavuma! Hata kwenye 1.4V, pawa ya wati 400 kwa omu 8 geini yake inafika desibeli 32, kwa hiyo weka 26dB basi. Feni yake lakini utaisikia usiku.

Ya mwisho ni priampu kali na pawa kali pamoja. Labda kama muziki unautoa kwenye simu tu, maana simu nyingi hutoa volti 1 au chini yake, hapo priampu ya geini ndogo inasaidia.

Kwa fundi weka Atomic Jazz au Jamhuri Jazz, volyumu ya kusikiliza nyumbani, halafu simamisha wimbo bila kugusa nobu. Shhh ikiisha na wimbo ilikuwa ya rekodi ya zamani, ikibaki na unaisikia ukiwa umekaa kwenye kiti, hiyo ni ya mashine, iache. Chungulia na pini za nyuma, chumvi ya bahari inazila.

Kama umeshanunua usiuze kwa hasara, tafuta pini za kupunguza desibeli 10, zinakaa kati ya priampu na pawa.