TAHADHARI: "Mvule wa nyumba ya zamani" unaozungushwa Ngamiani ni paini iliyopakwa oili chafu

Mafundi wa vibao vya kukatia, fremu na visanduku hapa Tanga, kuweni macho. Kuna muuzaji anapita na guta Ngamiani hadi Chumbageni, mbao kaziweka inchi 1 kwa 6, anasema ni mvule wa nyumba iliyobomolewa. Ni paini. Imepakwa oili chafu, ikapigwa misumari, ikang'olewa ili yabaki matundu.

Ukiuliza hiyo harufu ya oili, utaambiwa ni dawa ya mchwa. Jibu linakubalika, maana mbao za kenchi watu huzipaka kweli. Usibishane naye, tazama tundu la msumari. Mvule una tanini, kemikali ya asili ya mti inayogeuka nyeusi ikikutana na chuma. Chuma kikikaa humo miaka na unyevu wa pwani, mbao huwa nyeusi kuzunguka tundu, na weusi unafuata nyuzi juu na chini kama wino uliovuja. Matundu ya hizi ni masafi. Kwangua kwa patasi milimita 2 pembeni ya tundu, unakuta rangi ya manjano iliyopauka.

Nchani usikate kipande chembamba, oili huzama sana pale. Kata sentimita 5 ndipo utazame. Paini ina mistari ya mwaka, mmoja mweupe mmoja mweusi, na inanuka utomvu. Mvule hauna mistari ya namna hiyo. Una vitundu vidogo vinavyoonekana kwa macho. Mwenye mzani apime kipande cha sentimita 10 kwa 10 chenye unene wa 2.5: mvule mkavu unakaribia gramu 160, paini kavu ni 110 hadi 130. Ila paini mbichi, au iliyokunywa oili, itakudanganya hapo, kwa hiyo mzani usiutegemee peke yake.

Ukishainunua hasara inaanzia kwenye gundi. Gundi nyeupe haishiki penye oili, na kiungo kinaachia hata kama ulikibana usiku kucha. Vanishi inajikusanya vidoa vidoa, msasa unaziba. Kibao cha kukatia nyama ndiyo usithubutu kabisa: oili ya injini iliyotumika ina mabaki ya metali.

Halafu misumari. Mingine haikung'olewa, imekatwa kichwa na kuzamishwa. Chukua sumaku ya spika mbovu, ipitishe polepole pande zote nne kabla ya kupeleka mbao kwenye mashine ya randa. Kisu kikipata pengo, kila mbao inayofuata inatoka na mstari ulioinuka, na mwenye mashine atakudai. (Hata mvule halisi una mawe yake ya chokaa ndani, na hayo sumaku haiyaoni.)

Kabla ya kulipa, omba ukate hizo sentimita 5 mbele yake. Akikataa msumeno, mwache aende na guta lake. Kwa aliyekwishanunua: zisipite kwenye randa ya mtu, zipige kenchi ya banda.