Viungo vya maktaba ndani ya kozi ya mtandaoni: uzoefu wangu nikisomea Mbeya

Nasoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii kwa njia ya mtandao huku nikiendelea na kazi hospitalini, Mbeya. Chuo sitakitaja, ila mfumo wake ni ule ule wa vyuo vingi: kozi ziko Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni, na kila wiki ina orodha ya makala za kusoma. Makala zenyewe hazipandishwi kama mafaili. Unawekewa kiungo, unabofya, unaingiza namba ya usajili na nywila, kisha unafika kwenye jarida ambalo maktaba ya chuo imelilipia. Huduma hii imeniwezesha kusoma mambo ambayo nisingeyagusa kwa mshahara wangu, maana makala moja tu wachapishaji wengi huiuza kwa zaidi ya dola 30. Pia imenikwamisha vibaya, na tofauti kati ya siku njema na siku mbaya ilitokana na jinsi mhadhiri alivyokitengeneza kiungo.

Nieleze kidogo kinachotokea nyuma ya pazia. Mchapishaji hakutambui wewe mwanafunzi, anatambua anwani za intaneti za chuo. Ukiwa ndani ya mtandao wa chuo, milango iko wazi bila hata kuulizwa nywila. Ukiwa nyumbani unatumia bando la simu, kwake wewe ni mgeni. Ndiyo maana maktaba huweka proksi katikati, yaani seva inayokupitisha kana kwamba uko chuoni, na inayotumika zaidi ni EZproxy, iliyobuniwa mwaka 1999 na mkutubi wa Kimarekani, Chris Zagar, kisha ikachukuliwa na OCLC, shirika la huduma za maktaba, mwaka 2008. Kiungo kilichotengenezwa sawasawa huanza na anwani ya proksi ya maktaba, hufuatiwa na maneno login?url=, ndipo ije anwani ya makala. Kipande hicho cha mbele kikikosekana, mwanafunzi aliye Tunduma au Kigoma anakutana na ukurasa wa malipo.

Hapo ndipo penye tatizo kubwa kuliko yote niliyokutana nayo. Mhadhiri anakaa ofisini, chuoni, anabofya viungo vyake kimoja kimoja na vyote vinafunguka. Anaridhika, kwa haki kabisa. Lakini vimefunguka kwa sababu yeye yuko ndani ya mtandao wa chuo. Hakuna kinachomwonyesha kwamba nusu ya orodha ni ukuta kwa watu walio nje. Dawa yake ni rahisi: zima Wi-Fi ya chuo, washa data ya simu, jitoe kwenye akaunti zote, bofya tena. Mhadhiri wetu wa epidemiolojia alifanya hivyo pamoja na mkutubi kabla muhula haujaanza, na katika somo lake sikuwahi kukwama hata mara moja. Nilikuwa narudi kutoka zamu ya usiku, nafungua wiki husika, nabofya, na baada ya muda mfupi PDF iko kwenye simu.

Katika somo jingine viungo vilinakiliwa kutoka juu ya kivinjari vilivyo. Unaiona anwani ndefu inayojaza mistari mitatu ya skrini, imejaa herufi na namba zisizoeleweka, katikati kuna neno session. Hiyo ni anwani ya kikao cha mtu mmoja, kwa muda ule alioketi. Akifunga kompyuta, kiungo kimekufa, na sisi tunaletewa ujumbe kwamba muda umekwisha. Hifadhidata nyingi zina kitufe cha kiungo cha kudumu, na hicho ndicho cha kunakili. Kwenye JSTOR, hifadhidata ya majarida na vitabu, anwani yenyewe ina neno stable. Kwa makala za majarida napenda zaidi DOI, ile namba ya utambulisho wa kudumu wa makala inayoanza na 10, ambayo imekuwapo tangu mwaka 2000. Jarida likihama kutoka kwa mchapishaji mmoja kwenda kwa mwingine, DOI inaelekezwa upya na kiungo kinaendelea kuishi. Weka proksi mbele, DOI nyuma, kazi imekwisha.

Si kila kitu kinahitaji proksi. Makala za PLOS, mchapishaji wa majarida ya wazi, na nyaraka za Shirika la Afya Duniani ni bure kwa kila mtu, na kuzipitisha kwenye nywila ya maktaba ni kumwekea msomaji kikwazo cha bure. Kuna upande wa pili pia: vipo vilivyolipiwa ambavyo leseni yake haiendani na kozi. Jarida la Harvard Business Review, ambalo vyuo vingi hulipata kupitia hifadhidata za EBSCO, leseni yake ya kawaida ya maktaba hairuhusu makala kuwekwa kama usomaji wa lazima. Mambo hayo mkutubi anayajua, na naomba aulizwe mapema.

Vitabu vya kielektroniki vina ugumu wake. Maktaba inaweza kununua kitabu kwa leseni ya msomaji mmoja kwa wakati mmoja, au watatu, au wasio na kikomo. Darasa zima likielekezwa kwenye sura ile ile ya kitabu cha msomaji mmoja, siku mbili kabla ya kukabidhi kazi, anayewahi ndiye anayesoma. Tulipolalamika, mkutubi aliongeza leseni, nami namshukuru kwa moyo wote. Ila wakati huo tarehe ya kukabidhi ilikuwa imeshapita.

Kuna jambo moja bado linaniuma. Programu ya Moodle kwenye simu hukuruhusu kupakua mafaili ya kozi ukayasome bila intaneti, lakini kiungo hakipakuliwi hivyo. Nikienda vijijini kwa kazi ya chanjo, orodha yangu ya usomaji inabaki majina matupu mpaka nipate mtandao. Naelewa kwa nini hawapandishi PDF. Hakimiliki ni jambo la kweli, na kila tunapopita kwenye kiungo matumizi yanahesabiwa, hesabu ambayo maktaba huitumia kutetea bajeti ya majarida. Naunga mkono. Ninachoomba ni mstari mmoja chini ya kila kiungo: PDF inapakulika au ni ya kusoma mtandaoni tu, ina ukubwa gani, na kama ni kitabu, wasomaji wangapi kwa pamoja. Anayenunua bando la siku anahitaji kujua hayo kabla ya kubofya.

Kwa jumla naipa nyota nne, na ningeiongeza ya tano kama viungo vyote vingepimwa kutoka nje ya chuo.

Kwa mnaokaribia kuhitimu: akaunti ya chuo ikifungwa, viungo vyote vya proksi ulivyohifadhi havitakufikisha popote. Mimi nimeshaanza kuhamishia marejeo yangu kwenye Zotero, programu ya kutunzia marejeo, kila makala na DOI yake pasipo kipande cha proksi. Kwa walio hospitalini kama mimi kuna Hinari, mpango wa kufikia majarida ya afya bure au kwa bei nafuu, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, ambao taasisi za Tanzania zinastahili kujisajili. Muulize anayeshughulikia mafunzo hospitalini kwenu kama usajili upo.