Kingamwili ya HIF-1 alfa: nyota tano, au mbili, sijui

Kichupa chenyewe cha kingamwili hii, kitu cha maabara cha kunasa protini moja na kuionyesha, hakizidi kidole, na bei yake ukiitaja pale Majengo watu wanadhani unatania. Kinatakiwa kisafirishwe kwenye baridi na kutunzwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Mzigo ulishuka uwanja wa ndege wa KIA vizuri tu. Kisha ukafika kwa wakala hapa Moshi, akaulaza wikiendi nzima mezani, pembeni ya dirisha. Yaani kifaa cha kunasa protini iliyowafikisha wanasayansi Semenza, Kaelin na Ratcliffe kwenye Nobeli ya 2019 kinaota jua kama dagaa!

Nafungua boksi, barafu imekuwa maji ya uvuguvugu. Nikamuuliza kwa upole. Macho hayakutoka kwenye simu: "Dada, barafu si umeikuta? Imeyeyuka tu." Nikamweleza kwamba joto linaiharibu. "Mbona chupa haijapasuka?" Wenzake wakaangua kicheko. Nikasaini huku mikono inatetemeka.

Kinachoniuma ni hiki. HIF-1 alfa, protini inayoisaidia seli kukabili uhaba wa oksijeni, ni ya mashaka kwa asili yake. Oksijeni ikiwepo, seli inaivunja haraka mno, nusu inapotea ndani ya dakika kama tano. Ukizembea kidogo kabla ya kupasua seli kwenye barafu, huna kitu. Sasa utando, yaani ile karatasi ambapo protini iliyonaswa huonekana kama mstari, ukitoka mweupe, nimlaumu nani? Seli, mikono yangu, au yule kaka wa simu?

Nikaziwekea seli kobalti kloridi, ambayo inazihadaa zijione zimekosa oksijeni. Mstari ukatokea, mweusi, umenyooka, karibu na kilodaltoni 120. (Wageni msishtuke: kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa protini. Kwa hesabu ni 93 hivi, lakini kwenye jeli ya kutenganishia protini huonekana nzito zaidi.) Upande wa seli zisizowekewa kitu, peupe kabisa. Nilipiga kelele hadi mlinzi akachungulia. Hapo nilikuwa natoa nyota tano bila kufikiri.

Lakini siku hizi mstari umeanza kufifia, na sina namna ya kuthibitisha kwamba ni lile dirisha. Kiwandani wananiambia malalamiko yaletwe siku ya kupokea mzigo. Siku ambayo nilikuwa nachekwa!

Kingamwili ni nzuri, inunueni, ila mkaipokee wenyewe KIA na kibaridi chenu. Mimi kwa yule kaka sikanyagi. Mzigo ujao ukipitia kwake, mkuu wa maabara aende mwenyewe akaambiwe chupa haijapasuka.