Maonyesho ya Picha Mji wa Kale: Picha Moja Imenishika

Haya jamani, karibuni tena. Leo si simu wala kamera, leo nawachambulia maonyesho ya picha. Nimetoka sasa hivi Mji wa Kale, hata jasho halijakauka. Ziko picha za feri ya Likoni, za wachukuzi bandarini, za soko la Marikiti. Nzuri, mkienda mtaziona.

Lakini hii! Hebu tizameni. Nimeipiga kwa ruhusa. Mzee kakaa mchangani, ashona tanga la jahazi. Nasogeza karibu… hapo, kidole gumba, ukucha umepasuka katikati. Kiganjani ana kipande cha ngozi cha kusukumia sindano, na uzi kaubana kwa meno. Nilisimama hapo mpaka mlinzi akaniuliza, "Dada, wamjua huyu?" Simjui. Ila babu yangu alikuwa akibana uzi vivyo hivyo.

Sasa teremkeni nami chini ya fremu. Someni: "Fundi wa matanga, Mombasa." Basi! Jina liko wapi? La mpiga picha lipo, tena kwa herufi kubwa. Wallahi limeniudhi. Enzi za studio ya Parekh, hapa hapa Mombasa, miaka ya 60 na 70, watu walivaa wakapendeza, wakaenda wenyewe kupigwa picha. Huyu hakwenda studio, alifuatwa kazini kwake. Angalau aulizwe aitwa nani! Na kamera ina nguvu: mwaka 1984 Mohamed Amin, Mkenya mwenzetu, alirekodi njaa ya Ethiopia, misaada ikamiminika kutoka kila pembe. Kwa nguvu hiyo, jina la mzee mmoja lashindikana vipi?

Kiingilio shilingi 200, nendeni, si ghali. Nakala ya picha ni 6,500, hapo nilirudi nyuma. Nilitaka kuwapa sita kwa kumi kwa sababu ya yale maelezo, lakini kila nikiitazama hii picha napanda. Nane. Naam, nane.

Wale mlioulizia lenzi, video ni Ijumaa, gongeni kengele. Halafu nawaomba kitu, hasa nyinyi wa Mombasa. Mtizameni tena mzee, ana kovu dogo juu ya jicho la kushoto. Anayemjua amwambie picha yake iko ukutani, na akiridhia, niandikieni jina lake. Nitalipeleka pale mwenyewe.